Kasi ya boti ipatikane baharini, isiongezwe kwenye kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala uliozuka baada ya gazeti lako kuchapa, katika kurasa za mwisho wa juma, picha kubwa ya boti iendayo kasi ikitoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Unguja. Msomaji mmoja alilalamika kwamba picha ile imetiwa mkono, akataka tangu sasa gazeti lichape picha kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuguswa hata kidogo. Mwingine akamjibu kwamba siku hizi hakuna mpiga picha asiyehariri, na kwa hiyo hakuna cha kulalamikia. Mimi ni mpiga picha ambaye kazi zangu nyingi ziko Unguja, bandarini Malindi na katika fukwe za kusini ya Mji Mkongwe, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na boti hizi, hivyo barua zote mbili nimezisoma kwa makini. Wa kwanza ameliona kosa la kweli lakini dawa aliyoipendekeza haitibu. Wa pili anaijua kazi, ila ujuzi huo ameutumia kulifunika kosa.

Nianze na huyo wa kwanza. Picha anayoitaka, yaani ile ambayo haikuguswa na chochote, haitoki katika kamera yoyote inayouzwa madukani. Katika kamera nyingi za kidijitali kila nukta ya kihisi cha mwanga hupokea rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na buluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970, ambamo nukta za kijani ni mara mbili ya zile za nyekundu au za buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta hukisiwa kwa hesabu kutoka nukta za jirani. Kisha kamera yenyewe, bila kumuuliza mwenye nayo, huamua weupe uwe mweupe kiasi gani, giza liwe zito kiasi gani, kingo zinolewe vipi, na mwishowe hulibana faili na kutupa sehemu kubwa ya taarifa ilizokuwa nazo. Ukiweka kamera za viwanda viwili tofauti bega kwa bega gatini na kupiga boti ileile kwa wakati mmoja, moja inaweza kukupa bahari ya kijani na nyingine bahari ya buluu, na zote mbili hazijapita kwenye kompyuta.

Isitoshe, boti zetu hizi ni nyeupe, na jua letu la mchana ni kali. Kipimo cha mwanga cha kamera kikiiona bahari nyeusi imejaa kwenye fremu hufungua zaidi, na ubavu wa boti huungua ukawa bamba jeupe lisilo na mstari, dirisha wala jina. Jioni, jua likiwa nyuma ya boti inayoondoka Malindi, mambo hugeuka: boti nzima huwa kivuli cheusi ilhali aliyesimama ufukweni anawaona waziwazi abiria waliojipanga kwenye kizuizi cha sitaha ya juu. Mpiga picha anayekwenda kwenye kompyuta akaupandisha mwanga wa vivuli hadi abiria wale wakaonekana hajaongeza kitu. Amerudisha kile ambacho jicho lilikiona na kamera ikashindwa kukibeba, na picha yake iko karibu zaidi na ukweli kuliko ile iliyoachwa kama ilivyotoka.

Tena kamera isiyohaririwa hudanganya kwa maumbile yake, hasa mbele ya kitu kinachokwenda mbio. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga picha ya gari la mashindano ambamo gurudumu limekuwa na umbo la yai lililolalia mbele, huku watazamaji wa kando ya barabara wameinamia upande wa pili. Hakuna aliyeichora upya. Shata ya kamera yake, yaani pazia linalofunguka na kufunga kuruhusu mwanga, ilikuwa mwanya uliopita mbele ya kioo cha picha hatua kwa hatua, na wakati mwanya ule unapita, gari lilikuwa limeshasogea na yeye mwenyewe alikuwa akiizungusha kamera. Simu zetu za leo zina ugonjwa huohuo, kwa sababu nyingi husoma kihisi mstari baada ya mstari. Abiria akiipiga picha boti nyingine inayopishana na yake, bawa la rada linalozunguka juu ya mlingoti hutokea limepinda kama upinde, na akiifuata boti kwa simu kutoka gatini, nguzo za gati hulala upande. Picha kama hiyo ingefaulu mtihani wa msomaji wetu wa kwanza bila shida.

Hapa ndipo ninapomwacha yeye na kumgeukia wa pili, kwa sababu kutokana na hayo yote haifuati kwamba kila kitu kinaruhusiwa.

Kasi katika picha ya boti hupatikana kwa njia ambayo mtu anaweza kuipiga hesabu. Boti inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa, ambazo ni kama kilomita 55 na ushei, husogea takriban mita 15 na nusu kwa kila sekunde. Ukifungua shata kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, boti imesogea sentimita moja na nusu tu, basi kila tone la maji husimama hewani kama shanga. Ukiifungua kwa sehemu ya 60 ya sekunde, imesogea karibu sentimita 26, na kama kamera imetulia, boti nzima huwa ukungu. Ila mpiga picha akiweza kuizungusha kamera sambamba na boti kwa muda ule, boti hubaki kali na nyuma yake, iwe ni minazi ya Kigamboni au mapaa ya Mji Mkongwe, hunyooka ikawa mistari. Kazi hiyo ni ngumu kwa aliyesimama nchi kavu, na ni ngumu maradufu kwa aliyesimama kwenye kidau kinachoyumba, na fremu nyingi huenda na maji kabla ya moja kufaa. Ndiyo maana fundi wa kompyuta hushawishika kuchukua picha ya boti iliyogandishwa na shata ya haraka, kuikata kwenye mandhari yake, kuyavuruga mandhari hayo kwa programu, na kuirudisha boti pale ilipokuwa.

Picha iliyochapwa ilifanyiwa hivyo, na sihitaji kumtuhumu mtu yeyote kwa kubahatisha, kwa sababu alama zimo ndani ya picha yenyewe. Katika mzunguko wa kweli wa kamera, matone yanayoruka kutoka kwenye omo, yaani mbele ya boti, hayaendi mwendo mmoja na boti. Moja linapaa, jingine linaanguka, jingine linapeperushwa na upepo kuelekea tezi, yaani nyuma, hivyo kila moja huacha mchirizi wenye mwelekeo wake. Katika picha ile matone yote yamesimama tuli, mviringo kabisa, ilhali ufukwe ulio nyuma umekuwa mistari mirefu ya kulala. Shata moja haiwezi kufanya yote mawili. Kuzunguka vyuma vyembamba vya sitaha ya juu na antena kuna utando wa rangi ya bahari, kama upana wa kucha katika ukurasa uliochapwa, ambao mvurugo haukuufikia kwa sababu mkasi wa kompyuta ulishindwa kupita kati ya vyuma hivyo. Bendera iliyo tezini inaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Na mkia wa povu nyuma ya boti ni mfupi na mtulivu, mkia wa boti ambayo bado iko ndani ya mkondo wa bandari, mahali ambapo nahodha mwenye akili hupunguza mwendo kwa ajili ya pantoni na vyombo vidogo vya wavuvi.

Huenda mtu akauliza ubaya uko wapi, ikiwa boti hizi kweli huwa na kasi zikishatoka nje. Ubaya ni kwamba picha ile inasema boti ilikuwa inakata mbio ndani ya mkondo wa bandari, karibu na watu wanaovuka kwenda Kigamboni, na jambo hilo halikutokea. Nahodha amesingiziwa na kompyuta. Msomaji anayejua sheria za bandari angekuwa na haki ya kuandika kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa majini kulalamika, akiwa na gazeti mkononi kama ushahidi. Na siku boti nyingine itakapopita pale kwa mwendo wa hatari kweli, na mpiga picha mwaminifu akaileta picha yake, mwenye boti atasema tu kwamba magazeti huongeza kasi kwenye kompyuta, nasi hatutakuwa na la kumjibu.

Sisi wa visiwani tuna sababu ya kulichukulia hili kwa uzito kuliko wapenda mashindano ya boti wa Ulaya. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikiwa imebeba watu kupita kiwango chake, na MV Skagit ikazama Julai 18, 2012 karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Baada ya misiba kama hiyo watu wote, kuanzia familia hadi tume za uchunguzi, hutafuta picha za chombo, na wanachokitafuta ndani yake ni mambo yaleyale ambayo mhariri wa picha za kupendeza huyaona kuwa ni uchafu wa kufutwa: maji yamefika wapi kwenye ubavu, watu wangapi wamekaa juu, mizigo imepangwa upande gani, fulana za kuokolea maisha zinaonekana au la. Kifurushi kilichofunikwa turubai kinachoharibu uzuri wa sitaha hakina budi kubaki katika picha ya habari.

Upande wa mlalo nao una mambo yake. Mstari wa upeo wa bahari ukiwa umepinda kwa sababu mpiga picha aliyumba, kuunyoosha ni sawa na nahimiza ufanywe. Kuupinda kwa makusudi, ili boti ya bahari shwari ionekane inapanda wimbi kama wakati wa kusi kali, ni kuwatisha abiria bure, na kuinyoosha boti iliyolala upande kweli ni kuwaficha hatari. Lenzi ndefu nayo huyavuta mawimbi ya mbali yakaonekana yanataka kuifunika boti, na boti mbili zilizoachana nusu maili zikaonekana zinataka kugongana. Hilo hutokea bila kuhariri lolote, na tiba yake ni maelezo chini ya picha.

Wanaodhani kwamba hili ni jambo dogo la mafundi wakumbuke kilichotokea Januari 6, 2008 katika mlango bahari wa Hormuz, maji ambayo jamaa zetu wengi wa Muscat na Dubai wanayajua. Boti tano za mwendo kasi za walinzi wa mapinduzi wa Iran zilizisogelea manowari tatu za Marekani. Siku chache baadaye Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa video iliyoonyesha boti zile zikizunguka kwa kasi, pamoja na sauti nzito ya redio ikitishia kwa Kiingereza kwamba manowari zingelipuka. Haikuchukua muda kabla jeshi la wanamaji la Marekani kukiri kwamba picha na sauti zilirekodiwa mbalimbali kisha zikaunganishwa, na kwamba haikuwezekana kusema sauti ile ilitoka kwenye boti zile. Baharia yeyote anayesikiliza chaneli ya 16, ile ya redio ya majini ya kuitana na ya kuomba msaada, anajua kwamba katika redio ya wazi kila mwenye kipaza sauti anaweza kusema atakalo, na eneo lile lina sifa ya watu wanaofanya mzaha redioni tangu zamani. Boti zilikuwa za kweli, mwendo ulikuwa wa kweli, na sauti iliwahi kusikika kweli. Uongo ulikuwa katika kuviunganisha, na kwa siku kadhaa dunia ilizungumzia vita kwa sababu ya mshono huo.

Mashirika makubwa ya habari yameumia kwa njia hii na yamejifunza. Reuters mwaka 2006 iliondoa picha 920 za mpiga picha mmoja baada ya kugundulika kwamba aliongeza moshi katika picha ya Beirut, na Novemba 2015 ikawaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea wasilete tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi (RAW), yaani taarifa za kihisi ambazo kamera haijazigeuza kuwa picha kamili, walete zile tu ambazo kamera yenyewe ilizihifadhi tayari. Agizo hilo linafanana na ombi la msomaji wetu wa kwanza, lakini hata hapo marekebisho madogo ya mwanga hayakukatazwa, na nadhani sababu kubwa ilikuwa haraka ya kazi pamoja na uaminifu. Mwaka huohuo shindano la World Press Photo liliziengua takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, zikiwemo zilizofutwa au kuongezewa vitu. Kwa majirani zetu wa Kenya, maadili ya uandishi yaliyoambatishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 yalitaka kuepukwa kuchezea picha kwa namna inayopotosha uhalisia. Kipimo hicho kinanitosha, kwa sababu kinauliza kama uhalisia umepotoshwa, wala hakishughuliki na kama kompyuta ilifunguliwa.

Na wasije vijana wakaambiwa kwamba zamani watu walikuwa waaminifu zaidi. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipata sifa kwa picha za bahari zenye mawingu ya ajabu, na siri yake ilikuwa kwamba dawa za picha za wakati ule ziliiunguza anga kabla bahari haijatokea vizuri, hivyo katika baadhi ya picha hizo alitumia negativu moja ya bahari na nyingine ya mbingu. Programu zinazobadilisha anga kwa kubonyeza mara moja zimerithi mila ya zamani sana. Kwa picha ya kutundikwa ukumbini sina ugomvi na Le Gray. Mtu ninayempenda zaidi ni Frank Beken wa Cowes, Uingereza, ambaye familia yake ilianza kupiga picha za mashua za mbio tangu karne ya 19. Alijitengenezea kamera ya sanduku ambayo shata yake ilifyatuliwa kwa kuuma mpira kwa meno, ili mikono yote miwili ibaki imeishika kamera huku boti yake ikirushwa na mawimbi. Kama alitaka tanga lionekane limejaa upepo, alisubiri upepo ulijaze.

Basi ombi langu kwa dawati lako la picha ni hili. Mruhusuni mpiga picha kurekebisha mwanga, kunyoosha upeo, kuondoa vumbi la kihisi, na kupunguza kingo kwa uangalifu, kwa kuwa kupunguza nako kunaweza kuficha: mwaka 2010 Reuters ililaumiwa kwa sababu kisu kilikuwa kimekatwa ukingoni katika picha za Mavi Marmara, meli ya msaada wa Gaza iliyovamiwa na wanajeshi wa Israel, ikabidi iziweke upya zikiwa kamili. Matone ya maji ya chumvi yaliyoshika kwenye lenzi mimi binafsi ningeyaacha, ingawa wenzangu wengi huyafuta, na katika hilo sitagombana na mtu. Lakini kuongeza mvurugo wa mwendo, kurefusha povu, kubadilisha anga, kuinua omo, kusogeza boti mbili zikaribiane, na kufuta au kuongeza mtu, mzigo au chombo, yakataliwe moja kwa moja katika kurasa za habari na za michezo. Picha zinazoletwa na makampuni ya usafiri zikiwa zimepambwa zichapwe kwa maandishi yanayoonekana kwamba ni picha za matangazo; kampuni ina haki ya kujipamba, na msomaji ana haki ya kujua nani amepamba.

Kwa picha za abiria zinazotumwa kwa WhatsApp, ambazo siku ya ajali ndizo za kwanza kufika, mwombeni mtumaji azitume kama faili, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa za saa na za kamera. Zipo sasa kamera zinazoweka saini ya kidijitali ndani ya kila picha tangu inapopigwa, kama Leica M11-P iliyotoka mwaka 2023, lakini kwa bei yake sioni ikifika Malindi hivi karibuni. Kwa wakati huu faili la kwanza kutoka kwenye kamera linatosha. Kila mpiga picha anayeuza picha ya boti atakiwe kulikabidhi pamoja na ile aliyoihariri, na chini ya picha iandikwe ilipigwa wapi, saa ngapi na kwa kasi gani ya shata.

Kuhusu picha iliyozua mjadala huu, aliyeipiga bila shaka bado analo faili lake la mwanzo. Naomba dawati lako limtake alilete, na lichapwe katika ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule, boti ikiwa katika mwendo wake wa bandarini.

Mpiga picha,
Mjini Magharibi, Unguja